Kumtafuta bibi Mskoti wa karne ya 19: kwa nini tunaanza na kifo chake

Wateja wanaotuletea kazi ya kumtafuta bibi Mskoti kwa kawaida huwa na jina lake, mji ambao familia inadai alitoka, na ombi moja: tafuteni cheti chake cha kuzaliwa. Kama alizaliwa mwaka 1830, cheti hicho hakipo na hakijawahi kuwapo. Serikali ilianza kusajili vizazi, ndoa na vifo vya Uskoti tarehe 1 Januari 1855. Kabla ya hapo kuna rejista za parokia tu, na nyingi zina mapengo.

Ndiyo maana sisi huanza na kifo. Akiwa amefariki, tuseme, mwaka 1890, cheti chake kinapaswa kumtaja baba yake na kazi aliyoifanya, kisha mama yake pamoja na jina la ukoo wa mama huyo kabla ya kuolewa. Cheti cha mtu mzima aliyefia England miaka hiyo hakina majina ya wazazi. Isitoshe, mwanamke wa Uskoti hakupoteza jina la kwao alipoolewa: katika kumbukumbu rasmi, na mara nyingi hata kwenye jiwe la kaburi, liliandikwa pamoja na la mume.

Ila kumbuka kwamba marehemu hajazi fomu. Aliyetoa habari kwa msajili anaweza kuwa mkwe au jirani, na jirani atajuaje jina la mama mzazi wa mtu aliyehamia pale uzeeni? Hivyo tunalinganisha na cheti cha ndoa, ambacho bibi harusi alijibu mwenyewe, halafu na sensa. Sensa ya 1841 huwachanganya wengi: umri wa waliozidi miaka 15 ulitakiwa kushushwa hadi tano iliyo karibu, kwa hiyo mwanamke wa miaka 34 ameandikwa 30. Kuanzia 1851 utapata parokia aliyozaliwa na uhusiano wake na mkuu wa kaya. Usimkatae pia kwa sababu ya jina la kwanza. Janet huyohuyo anaweza kuwa Jessie kwenye karatasi nyingine.

Panapokuwa na siri ndipo karatasi huwa nyingi. Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa baada ya 1855 hakuandikwa jina la baba isipokuwa baba mwenyewe afike kutia saini pamoja na mama, au mahakama iamue. Ukikuta nafasi ya baba iko tupu, tunaelekea kwenye kumbukumbu za baraza la wazee wa kanisa. (Waumini wa kanisa la Kipresbiteri la PCEA, Kenya, wanalijua baraza hili, mfumo wao umetoka hukohuko.) Wazee walimwita mwanamke, wakamhoji, wakataka jina la mwanamume, kwa sababu ya nidhamu lakini pia ili mtoto asilelewe kwa mfuko wa maskini. Ni kurasa za kuumiza. Kabla hatujazituma, tunamuuliza mteja kama anataka kuzisoma.

Umaskini nao uliacha maandishi. Chini ya sheria ya 1845 ya kusaidia maskini, kila parokia ilitaka kujua ni parokia ipi inayopaswa kumhudumia mwombaji, basi ikamuuliza kila kitu: alikozaliwa, alikoishi, mume, watoto, mara nyingine hata wazazi. Maombi ya Glasgow yamehifadhiwa katika Mitchell Library. Mjane asiye na kitu anaweza kuwa na historia ndefu kuliko mke wa mwenye duka.

Kurudi nyuma ya 1855 hatutoi ahadi. Rejista za parokia zilikuwa za Kanisa la Uskoti, nalo liligawanyika mwaka 1843, na si kila familia iliandikisha ubatizo. Tunatoza kwa hatua, na tukikwama tunasimama. Kuunganisha ukoo kwa kubahatisha hatufanyi, na miti ya ukoo iliyonakiliwa mtandaoni kwetu ni fununu tu.

Kama una muda, hatua ya kwanza unaweza kuifanya mwenyewe kwenye tovuti ya ScotlandsPeople, ambako hulipia kila picha ya rekodi unayofungua. Ukituachia sisi, tutumie jina lake, la mume, majina ya watoto wote kwa mpangilio wa kuzaliwa, na mahali alipofia. Mpangilio huo tunauhitaji kweli: familia nyingi zilimpa binti wa kwanza jina la bibi mzaa mama, na wa pili la bibi mzaa baba.