Mke wangu ni mama lishe. Nimpeleke kula wapi Zanzibar?

Shangazi, shikamoo. Na nyinyi wasomaji wenzangu, habari za siku nyingi.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Morogoro, nina miaka 46. Mke wangu ni mama lishe. Kibanda chake kiko karibu na stendi ya Msamvu na mwaka huu kinatimiza miaka 14. Anaamka saa kumi alfajiri, anabandika maharage kwanza kwa sababu ndiyo yanayochelewa kuiva, kisha anakanda unga wa chapati, na ikifika saa kumi na mbili makonda na madereva wameshakaa kwenye benchi wanasubiri chai. Mchana ni wali, ugali, samaki, nyama, matembele. Saa kumi na moja jioni anafunga, anarudi nyumbani, na huko nako anapika. Tuna watoto watatu na hakuna hata mmoja aliyewahi kurudishwa shuleni kwa ajili ya ada. Mshahara wangu peke yake usingefika huko. Nalisema mapema ili mjue ninayemhangaikia ni mtu gani.

Juni hii, shule zikifungwa, tunakwenda Zanzibar usiku sita, mimi na yeye tu. Tuna miaka 20 ya ndoa na hatujawahi kusafiri wawili bila kuitwa na msiba au harusi. Tutapanda treni ya SGR hadi Dar es Salaam, tutavuka kwa boti, na usiku tano tutalala Jambiani, upande wa mashariki ya Unguja. Nauli ninayo. Chumba nimeshakilipia. Kinachoninyima usingizi ni chakula, maana nilishawahi kukosea jambo hilihili na sitaki kulikosea tena.

Miaka miwili iliyopita, siku yake ya kuzaliwa, nilimpeleka kwenye hoteli moja ya ufukweni Dar es Salaam. Tuliagiza changu wa kuchoma na wali wa nazi. Tulikaa saa moja na nusu. Muda wote huo mke wangu hakuitazama bahari, alikuwa anatazama mlango wa jikoni. Watu wa meza ya jirani wakaondoka, vyombo vikabaki, nzi wakatua. Akanyanyuka. Akapanga sahani juu ya sahani, mifupa yote akaikusanya kwenye ile ya juu, akaifuta meza kwa tishu, akarudi kukaa. Mhudumu alipopita akamshukuru jinsi unavyomshukuru mfanyakazi mwenzako. Mimi nikaona aibu. Samaki alipokuja, mke wangu alimbandua nyama kidogo karibu na mwiba wa mgongoni. Ikamomonyoka vidoleni. Akainusa, akaniambia kwa sauti ya chini, "Huyu wa juzi huyu."

Badala ya kumwita mhudumu, nilimgeuzia yeye hasira. Nikamwambia, "Kwani huwezi hata siku moja ukakaa ukahudumiwa kama watu?"

Hakunijibu. Alikula wali mtupu, tukarudi Morogoro, na nyumba ikawa kimya hadi Jumanne. Usiku wa Jumanne ndipo aliposema, bila ukali, "Mimi chakula siwezi kukitazama kama mgeni. Nikikiona, namwona aliyekipika." Nimeomba radhi mara nyingi tangu siku ile na amenisamehe. Lakini neno lile la "kama watu" nalijutia mpaka leo, na safari hii nzima, Shangazi, imetokana nalo.

Sasa nieleze ninavyohangaika.

Hoteli ya Jambiani chumba chake kina chai ya asubuhi. Wamenipa nafasi ya kuongeza chakula cha usiku kwa 35,000 kila mtu, yaani 70,000 kwa usiku mmoja na 350,000 kwa siku zote tano. Pesa niliyotenga kwa chakula na usafiri wa huku na huku ni 700,000. Uzuri wake ni kwamba sitakuwa na mawazo ya gari usiku, kwa kuwa daladala za kwenda mjini na vijiji vya jirani jioni huisha, na baada ya hapo ni teksi. Mke wangu naye hataona bili ikiletwa mezani. Hilo la bili si dogo. Akiona ngisi kwa 30,000, kichwa chake kitapiga hesabu ya kilo sokoni, mafuta, mkaa na faida, na kila tonge litakuwa na bei. Ubaya wake ni kwamba ukishalipia siku tano umejifunga hapohapo. Chakula kikiwa kama cha ile hoteli ya Dar, ndiyo imetoka.

Shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, anashikilia kwamba lazima nimpeleke ule mgahawa uliojengwa juu ya mwamba baharini kule Michamvi Pingwe, unaoitwa The Rock. Picha zake mmeziona. Nami nautamani, sifichi. Nikimfikiria amekaa pale, maji chini na pembeni, hakuna benchi la makonda, hakuna anayeita "mama, ongeza mchuzi", moyo unanituma nilipie leo. Ila mke wangu ni mtu wa Mahenge, hajui kuogelea na anaogopa vyombo vya majini. Ile boti kubwa ya Dar amekubali kwa sababu ina viti na paa kama basi. Pingwe maji yakipwa unatembea kwa miguu hadi kwenye ngazi, yakijaa unapelekwa kwa kiboti kidogo.

Mwalimu mwenzangu mmoja, mzaliwa wa Makunduchi, amenifundisha jambo ambalo nalitoa hapa kwa faida ya yeyote anayepanga safari ya namna hii. Mtu wa bara hutazama saa na bei, asiutazame mwezi. Siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, upande ule maji hupwa sana kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na hujaa mnamo saa kumi jioni. Kila siku inayofuata yanachelewa kama dakika 50. Kwa hiyo ukiweka nafasi ya saa sita mchana siku za bamvua, unaweza kuingia kwa miguu na kutoka kwa boti. Ukienda siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo yanabadilika kabisa. Na pale nafasi huwekwa mapema, huwezi kufika tu ukakaa. Nimeshakaa na kalenda ya mwezi nikapata siku moja, ya pili tangu tufike, ambayo maji yatakuwa chini mchana. Kuingia sina wasiwasi nako. Kutoka ndiko sijui atanitazama kwa jicho gani.

Mwenzangu huyohuyo ameniambia kwamba pwani yetu ya mashariki jua huchomoza baharini na kuzama nyuma ya nyumba. Wengi hufika Jambiani na Paje wakisubiri jua lizame majini wasilione. Lakini rasi ya Michamvi ina pande mbili. Pingwe inatazama mashariki, na Michamvi Kae, kilomita chache tu kuvuka rasi, inatazama magharibi kwenye ghuba ya Chwaka, na kule jua linazama majini. Nimefikiria tule Pingwe mchana, jioni tuhamie Kae tunywe soda au madafu tukilitazama jua, kisha turudi. Jambiani hadi kule ni kama kilomita 20, na dereva niliyeongea naye kwa simu ametaja 60,000 kwenda, kusubiri na kurudi. Siku moja hiyo itakula sehemu kubwa ya pesa. Naona inastahili. Lakini mimi ndiye niliyeona pia ile hoteli ya Dar inastahili.

Kuna na Forodhani. Usiku wa mwisho tutalala Mji Mkongwe ili tuwahi boti asubuhi, na pale jioni bustani ile ya mbele ya bahari inajaa wachoma mishikaki, wauza urojo, piza ya Zanzibar inayokunjwa na kukaangwa mbele yako, na juisi ya miwa inayokamuliwa na tangawizi na ndimu. Huku, Shangazi, sina shaka mke wangu atafurahi, kwa sababu moto anauona, mikono ya mpishi anaiona, na atauliza maswali mpaka wachoke. Urojo ataukoroga kwa kijiko kwanza autazame uzito wake kabla ya kuonja, namjua. Shaka yangu ni moja. Pale watu husimama au hukaa kwenye vijiukuta na sahani mkononi. Mwanamke aliyelisha watu kwenye benchi miaka 14, nimsafirishe mpaka Unguja nikamlishe kwenye benchi? Nimeuliza kama kuna mahali pa kuketi mle mjini penye chakula cha nyumbani, wakanitajia Lukmaan, Mkunazini, ambako vyakula vimepangwa mbele na unaonyesha unachotaka: biriani, pweza wa nazi, samaki wa kupaka, mkate wa ufuta. Nadhani pale patamfaa mchana. Anapenda kuchagua kwa macho.

Na la mwisho ndilo linalonitatiza zaidi. Jambiani ni kijiji hasa, watu wanaishi, wavuvi wanatoka na ngalawa, akina mama wanalima mwani maji yakipwa. Nimeambiwa ukiongea na wenyeji mapema utapata mama wa kukupikia kwake: wali wa nazi, mchuzi wa pweza, mchicha, kachumbari, mnakula mkekani. Bei yake ni ya kawaida na samaki ni wa siku hiyohiyo. Nilipolisikia nilisema hili ndilo. Halafu nikajiona nimekaa mkekani peke yangu, yeye yuko jikoni. Najua itakavyokuwa. Dakika kumi za kwanza atakaa kwa adabu ya mgeni. Ya kumi na moja atasikia mbuzi ikikuna nazi huko nyuma, atasema "ngoja nimsaidie mwenzangu," na nitamwona tena baada ya saa nzima akiwa na machicha mkononi, anacheka, wameshaitana dada.

Hapo ndipo ninapokwama. Je, hayo ni mapumziko? Nilichotaka ni siku tano ambazo mikono yake haigusi sufuria. Nilitaka mtu mwingine aulize "mama, nikuongeze?" Lakini nikikumbuka ile jioni ya Dar, alikuwa amekaa, anahudumiwa, na alikuwa hana raha kabisa. Na nikikumbuka alipocheka mara ya mwisho mpaka machozi, ni kwenye harusi ya mpwa wangu Kilosa, nyuma ya nyumba, kati ya masufuria makubwa ya pilau na wanawake wengine kumi. Inawezekana nampangia mapumziko yangu nikidhani ni yake.

Wengine mtaniambia nimuulize. Nimefikiria hivyo, na huenda ndilo jibu. Kinachonizuia ni kwamba nikimuuliza ataniambia kilicho rahisi. Kila nguo, kila kiatu, kila dawa, yeye huchagua cha bei ya chini na kusema ndicho anachokipenda, na amefanya hivyo miaka mingi kiasi kwamba mimi mwenyewe sijui tena kipi anakipenda kweli. Nikimwambia Pingwe na bei yake, atasema maji yanamtisha. Sitajua kama ni maji au ni pesa.

Anajua tunasafiri na anajua ni Zanzibar. Ya chakula hajui. Wiki iliyopita aliniuliza kama chumbani kutakuwa na jiko. Nikamwambia hakuna. Akatikisa kichwa tu, akaendelea kuchambua mchele.

Basi naomba ushauri wako, Shangazi, na wa yeyote aliyewahi kumpeleka mpishi kula. Hoteli wanataka jibu la chakula cha usiku kabla ya tarehe 15 Mei. Nilipie usiku wote tano, au wa kwanza tu, tuonje kwanza? Huo wa kwanza tutakuwa tumechoka na safari, sioni haja ya kuanza kutafuta. Mwezi Juni kusi inavuma upande ule, aliyewahi kula usiku mchangani Jambiani wakati huo aniambie kama kunakalika au nitafute penye ukuta. Pingwe niweke nafasi bila kumwambia habari ya boti ya kurudi, au huko ni kumdanganya? Na akina mama mnaopika kwa kazi, nyinyi hasa nawaomba mniandikie: siku mkipata ya kupumzika, mnataka kukaa mbali na moto, au mnataka kukaa karibu na moto wa mtu mwingine?

Ni mimi,
Mwalimu, Morogoro