Jembe Lisiwe Adhabu: Risala ya Bustani ya Watoto kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Shule,
Ndugu Mtendaji wa Kata pamoja na Bibi Shamba wetu,
Mwalimu Mkuu na walimu wote,
Wazazi na walezi,
Nanyi wanangu wa awali, darasa la kwanza na darasa la pili,

Mbukwenyi!

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa mvua. Anayetoka mikoa yenye vuli na masika anaweza kudhani hilo ni neno la desturi tu. Kwetu Dodoma mvua ni msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka mzima hatupati zaidi ya milimita 500 au 600 hivi. Baada ya hapo mbingu inafunga, upepo unaanza, na vumbi jekundu linaingia hadi kwenye madaftari. Kwa hiyo kunde utakazoziona leo zimefunika ardhi tumeziwahi, na tunakushukuru na wewe kwa kuja ukazikuta bado mbichi.

Nimepewa heshima ya kusoma risala hii kwa sababu mimi ndiye mwalimu wa bustani. Sina ajira ya ualimu. Nilikuwa na kitalu cha miche kando ya barabara iendayo Kondoa, nikiuza mipapai, miembe na miche ya nyanya. Miaka mitatu iliyopita Kamati ya Shule iliniita, wazazi wakakubali kunichangia posho, na tangu hapo nakuja siku tatu kwa wiki. Naomba niseme wazi kwamba sijawahi kufanya kazi ninayoipenda kama hii.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, uniruhusu nirudi nyuma kidogo. Shule niliyosoma mimi, katika kijiji ambacho sitakitaja, ilikuwa na shamba kubwa, na jembe lilikuwa fimbo ya pili. Aliyechelewa namba alilima. Aliyepiga kelele darasani alilima. Aliyeteleza akasema Kigogo, lugha yetu ya nyumbani, mbele ya mwalimu alimwagilia matuta kumi peke yake, jua la saa saba likiwa utosini. Nilimaliza darasa la saba nikijua kulima na nikichukia kulima. Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa mwaka 1967 haikukusudia hivyo. Mwalimu Nyerere alitaka shamba liwe sehemu ya masomo, na wanafunzi washiriki hata kuamua nini kipandwe. Lakini njiani, katika shule nyingi, shamba likageuka mahali pa kumpeleka mkosaji.

Ndiyo maana siku ya kwanza nilipoitwa hapa niliomba jambo moja kabla hata ya kuuliza posho: asiletwe bustanini mtoto yeyote kwa adhabu. Mwalimu Mkuu alikubali, na neno lake limesimama hadi leo. Atakayekosa atafutiwe adhabu nyingine au aonywe kwa maneno. Bustani yetu tunaingia kwa zamu, na anayekosa zamu yake hulia.

Bustani yenyewe ni ndogo. Ina matuta 14, kila moja mita 1 kwa 3, ili mtoto wa miaka sita afike katikati kwa mkono bila kukanyaga udongo. Tunayaita matuta kwa mazoea tu, kwa kuwa hayakuinuka, yamezama, kama majaluba madogo ya mpunga. Mwaka wa kwanza niliinua matuta nilivyozoea kuona kwenye picha za sehemu zenye mvua, na jua likayakausha kabla ya saa nne. Tulipochimba kwenda chini kiasi cha kiganja, tukachanganya samadi na kufunika kwa majani makavu, maji yalianza kukaa. Mchwa wanakula majani hayo nasi tunaongeza mengine. Kabla ya kuyainua, watoto wamefundishwa kuyagonga kwanza kwa kijiti, maana nge hupenda kulala humo.

Watoto wetu wanaingia darasa la kwanza Januari, mvua zikiwa zimeshika, na kwa mwalimu wa bustani hiyo ni bahati kubwa. Ndani ya juma la pili kila mmoja anakuwa amepanda mbegu yake. Tunaanza na mbegu kubwa: kunde, maboga, alizeti. Mbegu ya mchicha ni ndogo mno kwa vidole vyao, kwa hiyo hiyo tunaichanganya na mchanga mkavu na kuinyunyiza pamoja. Kipimo cha kina ni kidole cha mtoto mwenyewe, hadi kwenye kifundo cha kwanza. Shimo moja mbegu tatu. Ukiwauliza mashimo manne yanahitaji mbegu ngapi, utaona vidole vinahesabu hewani, na hapo hesabu imefundishwa bila ubao. Majina ya mimea huandikwa kwenye vibao vya mbao, na wapo watoto ambao neno la kwanza kuliandika wenyewe, nje ya majina yao, lilikuwa "kunde".

Naomba nisimulie habari za watoto wawili. Majina yao nayahifadhi.

Wa kwanza ni kijana wa darasa la kwanza aliyefukua mbegu yake kila asubuhi aone kama imeota. Siku ya pili alifukua, siku ya tatu alifukua. Wenzake walianza kumcheka kwa sababu za kwao zilikuwa zimeanza kupasua udongo. Sikumkataza. Nilichukua kopo la plastiki linaloonyesha ndani, tukaweka udongo, tukasogeza mbegu ya kunde hadi ukutani mwa kopo ili aweze kuiona bila kuigusa. Alikaa nayo dirishani. Siku ya nne alinijia akikimbia, akanishika mkono bila salamu, akanionyesha mzizi mweupe mwembamba kama uzi, umetangulia kwenda chini. Akaniuliza, "Mbona umeanza na mguu?" Mpaka leo sijapata namna bora zaidi ya kueleza jinsi mbegu inavyoota.

Wa pili ni binti aliyekuja kwetu akitokea kwa bibi yake kijijini. Nyumbani kwao ni Kigogo tu, na Kiswahili cha darasani kilimshinda. Kwa miezi miwili hakusema neno. Mwalimu wake alianza kuhofu kwamba huenda hasikii. Siku moja tulikuwa tunang'oa magugu, na mimi mwenyewe nilishika mmea mmoja nikitaka kuung'oa. Aliushika mkono wangu, akataja jina la mmea huo kwa Kigogo, kwa sauti iliyosikika vizuri kabisa. Ulikuwa mlenda. Halafu akazunguka tuta lote akitaja mboga moja baada ya nyingine, zile ambazo bibi zetu huchuma porini mvua zikianza, huzikausha juani na kuzisaga ziliwe na ugali wa mtama au uwele kiangazi chote. Wenzake walikuwa wanamfuata nyuma wakirudia majina. Siku hiyo yeye alikuwa mwalimu. Tuta namba tisa sasa ni la mboga za asili, na msimamizi wake ni yeye. Kiswahili kimekuja baadaye, na kimekuja kwa kasi. Mimi niliyemwagilia matuta kumi kwa sababu ya Kigogo, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, nilienda nyuma ya choo nikalia.

Mboga tunazovuna huingia kwenye chungu cha chakula cha mchana. Hazitoshi watoto wote kila siku, lakini mtoto aliyekuwa anatupa mchicha pembeni mwa sahani anaula akijua ni wa tuta lake. Takwimu za afya za mwaka 2022 zilionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Baadhi ya watoto wa umri huo wana kaka na dada zao hapa shuleni, na ndiyo maana kila Aprili tunampa mtoto mche mmoja aende nao nyumbani, kwenye chupa ya maji iliyokatwa. Wazazi kadhaa mliopo hapa mna mipapai iliyoanzia kwenye chupa hizo.

Dawa za madukani hatutumii, kwa kuwa mikono hii bado inaingia mdomoni. Vidukari tunavipulizia maji ya majani ya mwarobaini yaliyotwangwa, viwavi tunaviokota.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, zipo shida, na kubwa ni maji. Kisima tunachotegemea kina chumvi. Maharage yaliungua ncha za majani hadi tukaacha kuyapanda. Maji ya kunawia mikono kwenye vibuyu chirizi tumeyachimbia mfereji yaende kwenye mipapai, nayo imekubali. Ila likizo ndefu ya katikati ya mwaka ndiyo inatuua. Mwaka wa kwanza tulifungua shule Julai tukakuta bustani imekauka yote na mbuzi wawili wamelala ndani ya tuta la chainizi. Watoto walisimama kwenye uzio wa miiba kimya. Sikuwa na la kuwaambia. Siku hizi wazazi sita wanaoishi jirani wanamwagilia kwa zamu wakati wa likizo, na ninawashukuru mbele ya hadhara hii.

Ombi letu la kwanza, kwa hiyo, ni tangi na mabomba ya kuvuna maji ya paa. Hesabu yake tumeifanya na darasa la pili. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la darasa lile la kwanza lina mita 10 kwa 6, yaani mita za mraba 60. Mvua ya milimita 500 juu yake ni lita 30,000, sawa na madumu 1,500 ya lita 20. Bustani inatumia madumu 12 kwa siku. Hata nusu ya maji hayo ikipotea kwa kufurika na kuvuja, tuna siku 62 za kumwagilia kwa maji yasiyo na chumvi, kutoka paa moja tu. Watoto ndio waliopima paa kwa kamba, wakitembea chini ya ukingo wake.

Ombi la pili ni vipindi. Mitihani ikikaribia, kipindi cha bustani ndicho cha kwanza kufutwa. Tunaomba neno lako lisaidie kibaki kwenye ratiba kama kipindi kingine chochote, angalau viwili kwa wiki kwa madarasa haya ya chini.

La tatu nalisema kwa niaba ya wenzangu kuliko kwa niaba yangu. Wapo akina mama na akina baba wanaojua udongo wa mkoa huu kuliko kitabu chochote, wanaojua kuchipuza kisiki hai, yaani kutunza kisiki cha mti kichipue upya, kukausha mlenda, kuhifadhi mbegu ya uwele kwa majivu. Wengi hawana cheti. Halmashauri ikiangalia namna ya kuwaingiza shuleni, hata kwa posho ndogo inayojulikana, watoto watapata walimu ambao tayari wapo mtaani kwao.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, watoto wamekuandalia tuta namba kumi na nne. Halijapandwa kitu. Utapewa mbegu tatu za kunde na kopo la maji, na yule binti wa mboga za asili atakuonyesha kina. Tunaomba utumie kidole chake kupimia, chako ni kirefu mno.

Karibu bustanini.