Mwanamuziki wa mashabiki huvuka akiwa na nyimbo zilizo zake

Ndugu Mhariri,

Kila mwanamuziki aliyechipukia katika kundi la mashabiki wa katuni, gemu au hadithi anapoanza kusikika nje ya kundi hilo, maneno huwa yale yale: umaarufu wake ni wa kuazima, na siku katuni ikimalizika naye atasahaulika. Naomba nafasi katika safu yako niyapinge maneno hayo. Naomba pia nieleze kinachowakwamisha wanamuziki hawa, kwa sababu wengi hukwama kweli, ila sababu inayotajwa siyo.

Waliovuka wapo, na si wachache. Mwaka 2009 kijana mmoja wa Kijapani aliyejiita Hachi alianza kuweka nyimbo zake kwenye tovuti ya video ya Niconico. Hakuziimba mwenyewe. Ziliimbwa na Hatsune Miku, sauti ya kompyuta iliyotolewa Agosti 2007 na kampuni ya Crypton Future Media ya Sapporo kwa teknolojia ya Yamaha iitwayo Vocaloid, na wasikilizaji wake walikuwa mashabiki wa sauti hiyo. Mwaka 2012 akatoa albamu kwa jina lake halisi, Kenshi Yonezu, akiimba mwenyewe. Mwaka 2013 akaingia lebo kubwa, yaani kampuni ya kutoa muziki. Wimbo wake "Lemon" wa mwaka 2018 uliongoza chati ya mwaka ya Billboard Japan mara mbili mfululizo, 2018 na 2019. Ayase, mtunzi wa kundi la YOASOBI, naye alianzia kwenye Vocaloid. Kibao chao cha kwanza kilitoka Desemba 2019 na kikaongoza chati ya mwaka 2020 kabla hakijatolewa kwenye CD.

Upande wa gemu, mtunzi Tee Lopes alijulikana kwa kupanga upya muziki wa gemu za Sonic na kuuweka YouTube; gemu rasmi ya Sonic Mania ilipotoka mwaka 2017, muziki wake ulikuwa kazi yake. Mwimbaji Malukah alirudia wimbo wa gemu ya Skyrim mwaka 2011, kisha akaajiriwa kutunga na kuimba nyimbo za gemu ya The Elder Scrolls Online. OverClocked ReMix, jamii iliyoanzishwa mwaka 1999 ya watu wanaopenda tu kupanga upya muziki wa gemu, ilikabidhiwa na kampuni ya gemu ya Capcom muziki wote wa toleo jipya la gemu ya Street Fighter la mwaka 2008. Na The Living Tombstone, waliopata jina kwa rimiksi za mashabiki wa katuni ya My Little Pony, waliandika mwaka 2014 wimbo kuhusu gemu ya Five Nights at Freddy's. Filamu ya gemu hiyo ilipoonyeshwa mwaka 2023, wimbo huo ulisikika majina ya waigizaji yakipita.

Hapa ndipo penye swali linalostahili kujibiwa. Kwa nini mashabiki wa Miku wametoa nyota wengi, ilhali mashabiki wa katuni, wenye vipaji visivyo na kasoro, wametoa wachache? Jibu langu ni haki ya umiliki. Crypton iliuza sauti kama ala. Aliyenunua programu ile na kutunga wimbo alikuwa mwenye wimbo wake, melodia na maneno, na aliruhusiwa kuuza. Picha ya Miku ndiyo iliyowekewa masharti yake pembeni. Kwa hiyo lebo zilipokuja kumtafuta Hachi, hapakuwa na kampuni ya tatu ya kuombwa ruhusa. Mwenzake wa katuni, kwa upande mwingine, wimbo wake uliopendwa kuliko zote mara nyingi umeanza kwa sauti ya mwigizaji iliyokatwa kutoka kipindi cha televisheni. Mwanasheria wa lebo akisikia sekunde nne tu za sauti hiyo, mazungumzo yamekwisha.

My Little Pony: Friendship Is Magic ilianza Oktoba 2010 na kumalizika Oktoba 2019, na mkutano mkubwa wa mashabiki wake, BronyCon, ulifanyika mara ya mwisho Baltimore Agosti ya mwaka huo huo. Waliokuwa wanategemea jukwaa lile walipoteza hadhira na hawakuwa na nyimbo za kuhamia nazo. Waliokuwa na nyimbo zao wenyewe waliendelea. Mwanamuziki Vylet Pony bado anatoa albamu, na hata jina la farasi hajalivua.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuzipanga nyimbo zote mafungu matatu, bila huruma. Fungu la kwanza ni nyimbo zilizotungwa upya kabisa, hata kama zimechochewa na kisa cha katuni. Fungu la pili ni nyimbo za kipindi au gemu zilizopigwa na kuimbwa upya. Fungu la tatu ni zenye kipande chochote kilichokatwa kutoka rekodi ya asili, hata kicheko cha sekunde moja.

Fungu la kwanza ndilo mtaji, lakini nalo lina mtego. Wimbo unaotaja majina ya wahusika, miji na nembo za kampuni huweza kuingia kwenye mgogoro wa alama za biashara pale yanapotumika kwenye kichwa cha wimbo au jalada, na tena humfungia nje msikilizaji asiyejua kisa. Ondoa majina hayo kwenye maneno ya wimbo, kisha umpe mtu ambaye hajawahi kuiona katuni. Akielewa kinacholiliwa au kinachoshangiliwa, wimbo unasimama. Akiuliza "huyo ni nani?", kiitikio kinahitaji kuandikwa tena. Beti zinaweza kubaki na dokezo ambalo mashabiki watalitambua, ila kiitikio kiwe cha kila mtu.

Fungu la pili lina njia halali ambayo wengi hawaijui. Kwa sheria ya Marekani, kifungu cha 115 cha sheria ya hakimiliki, wimbo ukishatolewa rasmi kwa umma kama rekodi ya sauti, mtu yeyote anaweza kuurudia bila kuomba ruhusa, mradi alipe kiwango kilichowekwa. Kwa mwaka 2025 kiwango hicho kilikuwa senti 12.7 za dola kwa kila nakala au pakuo la wimbo usiozidi dakika tano. Mipaka yake ni mikali. Huruhusiwi kubadili melodia ya msingi wala tabia ya wimbo, kwa hiyo kutia maneno mapya kunahitaji ruhusa ya mwenyewe. Leseni hiyo haihusu video, kwani kuunganisha muziki na picha ni ruhusa nyingine ambayo mwenye wimbo anaweza kuikataa. Na muziki uliosikika ndani ya gemu au kipindi pekee, usiowahi kutolewa kwenye albamu, hauguswi na kifungu hicho. Hili la mwisho limewaponza wapangaji wengi wa muziki wa gemu za zamani.

Fungu la tatu linahitaji ruhusa mbili, ya mwenye rekodi na ya mwenye utunzi. Ukweli ni kwamba barua za mwanamuziki mdogo kwa kampuni kubwa hazijibiwi. Dawa ni kukata kipande kile na kukijaza upya: andika sentensi zako mwenyewe, mwite mwigizaji, mrekodi, mpe mkataba wa ukurasa mmoja. Kumwiga mwigizaji wa asili mpaka msikilizaji adhani ni yeye kunaleta shida nyingine, basi mpe sauti yake tofauti. Wimbo usiovumilia upasuaji huo uachwe pale ulipo, uwe zawadi ya mashabiki, usiingizwe kwenye albamu ya kuuzwa.

Kosa linalofuata kwa ukubwa ni la ndani ya kundi lenyewe. Nyimbo za mashabiki hutungwa na watu watatu wanne ambao pengine hawajawahi kuonana: mmoja biti, mwingine maneno, wa tatu gitaa, wa nne sauti. Hakuna anayeandika chochote, kwa sababu wote ni marafiki. Miaka mitano baadaye kampuni ya filamu inautaka wimbo, na mpiga gitaa amefuta akaunti zake zote. Hakuna wa kutia saini, na filamu haisubiri. Karatasi ya mgao iandikwe siku wimbo unapokamilika, kabla haujatoka. Iwe na majina halali na ya kisanii, asilimia ya kila mmoja katika utunzi, asilimia katika rekodi kwa orodha yake, na jumla ya kila orodha iwe 100. Iwe na sentensi moja inayosema nani ana mamlaka ya kukubali matumizi kwa niaba ya wote. Mchoraji wa jalada aingie naye kwa maandishi. Jalada lenye mhusika wa kampuni ni moja ya sababu za msambazaji wa kidijitali, yaani kampuni inayopeleka nyimbo kwenye majukwaa kama Spotify, kuirudisha kazi yote, kwa hiyo mchoro uwe wa kubuni.

Mafaili nayo yana utaratibu wake. Hifadhi wimbo kamili kama WAV ya biti 24 (faili la sauti lisilobanwa), toleo lisilo na sauti ya mwimbaji, na faili za ala mojamoja zote zikianzia sekunde ya sifuri. Watengenezaji wa filamu na matangazo huomba toleo lisilo na sauti karibu kila mara, na huliomba leo kwa ajili ya kesho. Spotify huishusha masta (rekodi ya mwisho ya wimbo) yenye sauti kubwa hadi kiwango cha -14 LUFS, kipimo cha ukubwa wa sauti, kwa hiyo kuibana ngoma mpaka ipige kelele hakukuongezei kitu ila kukupotezea mguso wa ngoma. Vilele visizidi -1 dB, na kama masta yako iko juu ya kiwango hicho, visizidi -2.

Kila rekodi hupewa namba ya utambulisho iitwayo ISRC, yenye herufi na tarakimu 12. Iandike mahali salama. Ukihama msambazaji na kusajili wimbo ule ule kwa namba mpya, unaweza kupoteza hesabu yote ya usikilizaji iliyokusanywa, na ukaanza sifuri mbele ya watu wanaokupima kwa hesabu hiyo. Kazi ifike kwa msambazaji wiki nne kabla ya kutoka. Kuipendekeza kwa wahariri wa orodha za nyimbo za Spotify kunatakiwa kufanyike angalau siku saba kabla, la sivyo huna uhakika kwamba wimbo uliouchagua utawafikia wafuasi wako kwenye orodha yao ya nyimbo mpya. Tangu mwaka 2024 jukwaa hilo halilipi mrabaha kwa wimbo uliosikilizwa chini ya mara 1,000 katika miezi 12. Hapa ndipo kundi la mashabiki lina nguvu isiyo na mfano, kwa kuwa mwanamuziki wa kawaida asiyejulikana hana watu elfu moja wanaongoja wimbo wake, ila mwanamuziki wa mashabiki anao. Awaelekeze kwenye wimbo mmoja wa fungu la kwanza, asiwagawe kwenye nyimbo 12 siku moja.

Jambo moja zaidi kuhusu YouTube. Usiusajili kwenye Content ID, mfumo wake wa kutambua nyimbo zilizotumika ndani ya video, wimbo uliojengwa kwa vipande vya maktaba za sauti ambavyo wengine pia wanavitumia, wala rimiksi. Mfumo utaanza kudai mapato ya video za watu wasiohusika, wakiwemo mashabiki waliokuinua, na msambazaji wako anaweza kukufungia huduma.

Kwenye jukwaa, anayetoka mikutano ya mashabiki kuingia ukumbi wa kawaida hugundua haraka kwamba muziki wa kompyuta uliofungwa katika faili moja haumsaidii fundi wa mitambo. Ukumbi ukivuma kwenye besi, fundi hana cha kupunguza ila wimbo mzima. Toa njia nne tofauti: ngoma, besi, ala nyingine, na sauti za kuitikia. Onyesho la dakika 30 liwe na wimbo mmoja au miwili tu inayotegemea kisa cha katuni, na usiwe wa kwanza, kwa sababu wasiojua kisa wataamua kubaki au kwenda kununua kinywaji ndani ya dakika chache za mwanzo.

Wako wanaowashauri vijana hawa wafute kazi zao za zamani na kubadili jina ili waheshimiwe. Ushauri huo naupinga kwa nguvu zote. Toby Fox, mtunzi na mtengenezaji wa gemu, alitunga muziki wake wa awali kwa ajili ya mashabiki wa gemu ya EarthBound. Melodia ya mwaka 2008 kutoka kazi hiyo aliitumia tena katika gemu yake mwenyewe, Undertale, mwaka 2015, na mwaka 2019 Nintendo wakaiingiza katika Super Smash Bros. Ultimate. Angeifuta kwa aibu, asingekuwa na cha kurudia. Aliweza kuirudia kwa sababu ilikuwa yake.

Kwa waandishi wa kurasa za burudani, ombi langu ni dogo. Albamu ya namna hii ikifika mezani, isikilizeni kwanza bila kusoma maelezo ya mwimbaji alikotoka, andikeni mlichosikia kuhusu sauti, utunzi na upigaji, na katuni itajwe baadaye katika makala, kama vile kwaya ya kanisani inavyotajwa katika habari za mwimbaji aliyelelewa huko.

Wasalaam,
Msomaji wenu