Barua kwa mwanangu: usitukatie tiketi ya ndege

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka St. Mary, Montana, tulipofika katika safari yetu ya gari kuja kwako. Sisi hatujambo. Presha ya baba yako nimeipima asubuhi hii na iko sawa, kwa hiyo hilo liondoe kichwani kabla hujasoma mengine. Nakuandikia kwa sababu simu hapa inashika na kuachia, na kila ukipiga tunaishia "halo, halo, unanisikia?" Barua hii nitaituma tukifika penye mtandao.

Ujumbe wako niliusoma mara mbili. Unasema ramani inaonyesha kwamba kutoka Minneapolis hadi kwako Seattle ni mwendo wa siku tatu hata kwa mtu anayelala njiani, na kwamba uko tayari kutukatia tiketi ya ndege kutoka Kalispell, huku huku Montana, kisha umlipe mtu aje alete gari. Asante, mwanangu. Najua ni mapenzi. Lakini nisikilize.

Sisi tulikuja nchi hii wewe ukiwa darasa la pili, na mimi niliijua usiku. Naingia kazini, kule nyumba ya kutunza wazee, saa tano usiku, natoka saa moja asubuhi, nakuta baba yako ameshaondoka na basi la shule, nalala mchana mapazia yamefungwa. Likizo ikipatikana, tiketi ni ya Nairobi: kuna wa kuzikwa, kuna wa kuozeshwa, kuna paa la nyumba ya Machakos. Jimbo la jirani sikulijua lina rangi gani. Nililijua kwa midomo ya wazee niliokuwa nawageuza vitandani. Saa tisa za usiku mzee hana usingizi, anataka mtu wa kuongea naye, na kila mmoja wao alikuwa na kwao: huyu shamba la ngano North Dakota, yule mji wa reli Montana. Nilikuwa naitikia tu, "Ehe, halafu?", huku nabadilisha shuka. Sasa nataka kwenda kuona kama walikuwa wanasema kweli.

Nikueleze kwanza hii RV, gari-nyumba letu, maana naona unadhani tunalala kwenye viti vya matatu. Ina urefu wa futi 25. Kitanda chetu kiko nyuma. Kile cha juu ya dereva tumekigeuza ghala la unga, vitunguu na sufuria. Kuna jiko la gesi, friji, na bafu ambalo baba yako akitaka kuingia lazima aamue mapema ataanza kuoga upande gani. Chini kuna matangi: la maji safi, la maji ya sinki na bafu, na la choo. Kila baada ya siku chache baba yako anavaa glavu, anaunganisha ule mpira mnene kwenye shimo la kambi, anafungua kwanza la choo, halafu la maji ya sinki ili yausafishe mpira. Mwanamume ambaye hakukubadilisha nepi hata siku moja! Nasimama dirishani na kikombe changu cha chai ya tangawizi namtazama, na sijachoka kutazama.

Yeye ndiye dereva, na wewe unajua aliendesha lori kutoka Mombasa hadi Malaba kabla hujazaliwa. Siku hizi anakwenda polepole hadi malori yanatupita yakipiga honi, naye anayapungia mkono. Ikifika saa tisa alasiri tunaegesha. Usiku mwingine tunalala kwenye maegesho ya maduka makubwa ya Walmart, pale meneja anaporuhusu. Lakini ninachopenda ni bustani za miji midogo ya huku: zina mahali pa kuegesha, umeme na bomba la maji, na mlinzi hayupo. Unaandika namba ya gari kwenye bahasha, unatia pesa ndani, unaitumbukiza katika sanduku la chuma. Baba yako kila mara analigusa lile sanduku kuona limefungwaje. Anasema hili lingekuwa kwetu, lingeondoka na mti wake.

Kwenye mbuga za taifa hatulipi kiingilio. Ukishatimiza miaka 62 na una karatasi za ukaazi au uraia, unatoa dola 80 mara moja, unapewa kadi ya maisha, na kambi nyingi za serikali zinakupunguzia nusu. Miaka yote ile ya kukatwa kodi, angalau hii imerudi.

Sasa North Dakota. Watu huipita wakiwa wamelala, nami nilidhani nitafanya vivyo hivyo. Yule mzee wangu wa ngano alikuwa akisema alizeti za kwao zikichanua zote hutazama mashariki, nikadhani ni maneno ya dawa za usingizi. Ni kweli. Shamba linakwenda mpaka macho yanachoka, na vichwa vyote vimegeukia upande mmoja. Nilimwambia baba yako asimamishe gari, nikashuka, nikasimama ukingoni na upepo unataka kunivua kilemba. Ningempigia simu yule mzee kama angekuwapo.

Watu wa huko wana ugonjwa wa kujenga wanyama wakubwa. Jamestown wana nyati wa saruji wa tani 60, amesimama tangu 1959. New Salem, juu ya kilima, kuna ng'ombe wa frizian wa futi 38, ukimwona kutoka barabara kuu unaweza kudhani ni homa. Baba yako alimzunguka ng'ombe huyo pole pole, akainama kuangalia kiwele, akasema fundi alijua kazi yake. Picha nitakutumia.

Ukisonga mbele saa zinarudi nyuma kwa saa moja, na ardhi iliyokuwa sawasawa inapasuka ghafla, makorongo ya rangi ya kijivu na nyekundu. Hapo ndipo Medora, kwenye mbuga ya Theodore Roosevelt. Baba yako alikuwa na hamu ya mahali hapo kuliko pote, kwa sababu ya Kapiti. Ule uwanda unaouona ukitoka kwetu kuelekea Konza, huyo Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, alianzia hapo kuwinda kwake Afrika. Alitoka Ikulu Machi 1909, Aprili akashuka Mombasa, akapanda treni na kukalia kiti kilichofungwa mbele kabisa ya injini ili atazame wanyama, akafika Kapiti akiwa anangojwa na wapagazi zaidi ya 200. Yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama wakubwa 512 kwa bunduki zao. Simba walikuwa 17, tembo 11, vifaru 20. Ngozi na mifupa mingi ilipelekwa jumba la makumbusho la Smithsonian, Washington.

Huku Medora habari zake ni nyingine. Alikuja 1883 kutafuta nyati wa kuwinda kabla hawajaisha, na walikuwa kweli wanaisha: makundi ya mamilioni yalipigwa risasi mpaka miaka michache baadaye wakawa hawafiki elfu moja. Februari 14, 1884 mkewe na mama yake walikufa siku moja, nyumba moja. Alirudi huku kufuga ng'ombe na majonzi yake, na baridi kali ya 1886 kuingia 1887 ikamaliza ng'ombe wengi. Alipokuwa rais akatenga ekari zipatazo milioni 230 za misitu na mbuga zihifadhiwe. Baba yako alisoma yote hayo ukutani, mikono nyuma, kisha akasema kwa sauti, "Kumbe alikuwa anahifadhi kwake, anamaliza kwetu." Nilimvuta shati kwa sababu watu waligeuka. Watamtetea kwamba ilikuwa kazi ya sayansi, na sehemu ni kweli. Lakini nimeyapima maneno ya baba yako njia nzima na bado sijaona pa kuyapinga.

Siku hiyo hiyo nyati alitufungia barabara. Si wa saruji. Alitoka kwenye nyasi, akasimama katikati ya lami, kichwa kikubwa mno, kana kwamba kimeazimwa kwa mnyama mwingine, na manyoya ya majira ya baridi bado yananing'inia ubavuni vipande vipande. Baba yako akazima injini. Yule bwana nyati akaenda kwenye nguzo ya kibao, akajikuna shingo, upande huu, akageuka, upande ule, nguzo inalia. Tulimsikia akipumua. Magari yalipanga foleni nyuma yetu na hakuna aliyepiga honi. Nyati wa hapo wametokana na 29 walioletwa kutoka Nebraska mwaka 1956, sasa ni mamia.

Watford City na Williston tulizipita haraka. Ni mafuta, malori, na moto wa gesi unaowaka juu ya mabomba usiku kucha. Baba yako alitaka kusimama apige soga na madereva, nilikataa.

Halafu barabara namba 2 ya Montana, inayofuatana na reli. Miji yake ina majina ya mbali, Glasgow, Malta, Harlem, Zurich, na wenyeji husema watu wa reli walizungusha tufe la dunia na kuweka kidole. Sijui kama yupo anayeiamini hadithi hiyo, lakini wote wanaisimulia. Kusini kidogo ya Glasgow kuna bwawa la Fort Peck, lililojengwa kuanzia 1933, wakati wa njaa ya kazi, na vibarua zaidi ya 10,000 kwa wakati mmoja. Bibi mmoja niliyemuuguza alizaliwa kwenye vibanda vya vibarua hao. Alikuwa akisema mama yake alifagia vumbi asubuhi, akalifagia tena jioni, ni lile lile. Nilikwenda kuangalia vilipokuwa vibanda. Ni nyasi na upepo. Vumbi lipo.

Na sasa hapa, mlango wa mashariki wa mbuga ya Glacier. Barabara inayokatiza mlimani, iliyofunguliwa 1933, hairuhusu gari la zaidi ya futi 21, kwa hiyo letu tuliliacha kambini tukapanda basi dogo la watalii linaloendeshwa na Wablackfeet, wenye ardhi hii. Tulipanda mpaka Logan Pass, mita kama 2,025, mimi nimefumba jicho moja, lile la upande wa bonde. Dereva, kijana wa umri wako, alitueleza kwamba mwaka 1895 wazee wao walitia sahihi mkataba wa kuachia milima hii kwa dola milioni moja na nusu, na kwamba kwao inasimuliwa hadi leo kuwa walidhani wanakodisha. 1910 ikawa mbuga. Baba yako akamwuliza kama amewahi kusikia habari za Wamaasai na mkataba wa 1904 uliowahamisha kutoka ardhi yao. Hakuwa amesikia. Wakakaa nyuma ya basi wakati wa mapumziko wakilinganisha, na basi likachelewa kuondoka, na hakuna aliyethubutu kuwakatiza.

Barafu za mlimani yule dereva alituonyesha kwa kidole, kwa mbali. Katikati ya karne ya 19 zilikuwa kama 80, leo hazifiki 30. Ni yale yale ya Mlima Kenya.

Basi, mpango ni huu. Tutakaa hapa mpaka baba yako atosheke na huyo kijana, ambaye amemwalika kwao Browning. Kisha tutazunguka kusini kwa barabara namba 2, mlima wake ni wa chini na gari letu linaruhusiwa, tushukie Kalispell. Kuna bibi wa chumba cha mwisho cha korido yangu aliyekuwa akisifu cheri za ziwa Flathead. Msimu ukiwa haujaisha, tutapita huko. Kwa hiyo tiketi usikate.

Unachoweza kutusaidia ni haya. Dawa za sukari za baba yako zinakaribia kuisha. Piga simu famasia ya nyumbani wahamishie agizo Kalispell, mimi nitazichukua. Pima nafasi iliyo mbele ya gereji yako: futi 25, na uongeze tatu za ngazi na mlango. Uliza mtaa wenu kama wanaruhusu watu kulala ndani ya gari nje ya nyumba, nisije nikafukuzwa na majirani zako mbele ya wajukuu. Umeme plagi ya kawaida ya gereji inatosha, alimradi hatuwashi kiyoyozi. Na mwambie mkeo asinunue unga, tunao wa kutosha.

Mama yako