Kifuko cha nyongo kimetoka, nyongo imebaki

Nairobi,
Jumapili jioni

Mpendwa Mama Neema,

Salamu nyingi kwako, Baba Neema na watoto. Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema tangu utolewe kifuko cha nyongo miezi mitano iliyopita, chai na mandazi ya asubuhi havikai tumboni dakika 20 kabla hujakimbilia chooni, na umeshameza Flagyl mara tatu ukidhani ni amiba. Hiyo Flagyl iache kwanza. Amiba hupimwa maabara kwa choo, haikisiwi. Na kuhara kunakokuja saa ile ile kila siku baada ya upasuaji huo kuna sababu iliyo karibu zaidi.

Ini lako halikuguswa. Bado linatengeneza nyongo kati ya nusu lita na lita nzima kwa siku, kama zamani. Kifuko kilikuwa ghala dogo tu, la mililita 30 hadi 50: kiliikausha nyongo ikawa nzito, kikaihifadhi, na chakula chenye mafuta kikifika kikaimimina kwa mkupuo. Sasa ghala halipo, kwa hiyo nyongo inadondokea utumboni mchana na usiku, uwe umekula au hujala. Mwisho wa utumbo mwembamba, karibu na pale unapoungana na utumbo mpana, ndipo karibu asilimia 95 ya asidi za nyongo hufyonzwa na kurudishwa kwenye ini zitumike tena. Zikija nyingi kuliko sehemu hiyo inavyoweza kufyonza, zinazosalia huvuka hadi utumbo mpana. Huko huvuta maji na kuufanya utumbo uende mbio. Ndiyo yale maji ya manjano-kijani yanayowasha na kuchoma. Asubuhi huwa mbaya zaidi kwa sababu nyongo ya usiku kucha imejikusanya huko juu, kisha chai ya moto na mandazi vinaisukuma yote ishuke pamoja.

Usiogope kwamba umebaki nusu mtu. Carl Langenbuch alikitoa kifuko hicho kwa mara ya kwanza mjini Berlin mwaka 1882, na watu wameishi bila hicho tangu hapo. Farasi hana, ngamia hana, hata njiwa hana. Ila hao hawali mutura.

Sasa mafuta. Huyo aliyekuambia "usiguse mafuta kabisa" sikubaliani naye. Vitamini A, D, E na K haziingii vizuri mwilini bila mafuta, na anayejinyima wiki nzima huishia Jumapili kumaliza sahani ya nyama choma peke yake, kisha Jumatatu analaumu nyama. Cha kuangalia ni kiasi kwa mlo mmoja. Anza na gramu 10 hadi 15 kwa kila mlo, uone tumbo litasemaje. Kijiko cha mezani cha mafuta ya kupikia kina gramu kama 14, cha chai kama 4 na nusu. Yai moja lina gramu 5 hivi. Kikombe cha maziwa yasiyopunguzwa mafuta, kama 8. Nusu ya avokado ya kawaida, kama 15, na konzi ya njugu karanga nayo hivyo hivyo. Ndiyo maana avokado pamoja na chapati ndani ya mlo mmoja inakushinda, ingawa kila kimoja peke yake hakina neno.

Pima mafuta kwa kijiko, usimimine moja kwa moja kutoka kwenye dumu. Sukuma wiki ya watu wanne inatosha vijiko viwili vya mezani: hapo kila mtu anapata gramu 7. Chapati ndiyo mtego, kwa sababu mafuta huiingia mara tatu: unapokanda, unapokunja na unapokaanga. Kwa nusu kilo ya unga, kanda kwa maji ya moto na kijiko kimoja cha mezani cha mafuta, ukikunja usipake kitu, na kikaango ukipanguse tu kwa mafuta kidogo. Maji ya moto ndiyo yatakayoifanya iwe laini. Mandazi, viazi karai na sambusa hazina hesabu ya namna hiyo, kwani hunyonya mafuta kadiri yanavyopoa. Ziache mpaka mambo yatulie.

Kiamsha kinywa chako kibadilishe kesho: uji wa wimbi au kipande cha nduma au kiazi kitamu, na yai la kuchemsha. Chai ije baadaye, isiwe kitu cha kwanza kuingia tumboni. Kahawa vivyo hivyo, maana yenyewe tu huuamsha utumbo mpana. Halafu kula kidogo kidogo kila baada ya saa tatu hivi. Kukaa ofisini hadi saa nane mchana bila kitu, kisha kushukia chipsi kibandani, ni kurudia kile kile cha asubuhi.

Nyuzinyuzi nazo si za aina moja. Unazohitaji ni zile zinazogeuka uteute zikikutana na maji, kwa sababu hushika maji hayo na kukifanya choo kiwe na umbo: shayiri ya uji, ndizi, na hasa isabgol, yaani maganda ya mbegu za psyllium. Utayapata kwenye maduka ya Wahindi kule Ngara na Parklands. Anza na nusu kijiko cha chai mara moja kwa siku, koroga kwenye glasi ya maji ya mililita 250 na unywe papo hapo kabla hayajaganda, kisha ongeza maji mengine. Baada ya siku nne au tano panda hadi kijiko kizima. Wengi huanza na kijiko kikubwa, tumbo linajaa gesi, wanasema dawa mbaya. Wengine hunywa maji kidogo, na maganda yanakwama kooni au utumboni. Dawa zako nyingine zipishe kwa saa mbili. Pumba za ngano usinunue sasa, zitakuzidishia mbio.

Gesi ya githeri haihusiani na nyongo. Loweka maharagwe usiku kucha, mwaga maji, chemsha kwa maji mapya. Na maziwa yakikusumbua hata yasipokuwa na mafuta, huenda ni sukari yake. Acha wiki moja kisha jaribu mala, ambayo sukari hiyo imepungua.

Haya yote yasipokutuliza kwa wiki tatu au nne, mwulize daktari kuhusu kolestiramini. Mtaje kwa jina hilo. Ni unga unaozinasa asidi za nyongo utumboni na kutoka nazo chooni. Uingereza kuna kipimo cha kumeza kidonge chenye mionzi kidogo na kupigwa picha tena baada ya siku 7, lakini pasipo kipimo hicho madaktari hutoa dawa na kutazama: kuhara kukikoma ndani ya siku chache, jibu limepatikana. Mara nyingi huanza na pakiti moja ya gramu 4 kwa siku, wakati mwingine nusu yake. Usiumeze ukiwa mkavu. Unyunyize juu ya maji au juisi ya mililita 150, uache dakika moja au mbili, kisha koroga. Usiukawize mdomoni, huharibu meno. Kasoro yake kubwa ni kwamba hunasa dawa nyingine pia, za tezi la shingo na vidonge vya kupanga uzazi zikiwemo, kwa hiyo hizo meza saa moja kabla yake au saa 4 hadi 6 baadaye. Ukifunga choo, kipimo kimezidi. Si kila duka la dawa linao, piga simu kwanza kabla hujapanda matatu.

Kwa siku zile za safari ndefu na foleni ya Thika Road, loperamaidi ya miligramu 2 nusu saa kabla ya kutoka inasaidia. Bila daktari usipite miligramu 8 kwa siku, na usiiguse ukiwa na homa au damu chooni. Ukiandikiwa kodini kwa maumivu yoyote, sema kwamba huna kifuko cha nyongo: inaweza kukaza mlango wa mrija wa nyongo na kukuletea maumivu makali chini ya mbavu.

Kuna mambo ambayo hayangoji uji wala isabgol. Macho kuwa ya manjano, mkojo mweusi kama chai ya rangi, choo cheupe, homa ya kutetemeka, maumivu makali upande wa kulia juu yanayokwenda mgongoni: jiwe huenda limebaki kwenye mrija, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Choo cheusi kama lami au chenye damu, vilevile. Kupungua uzito, kuamshwa na kuhara usiku, au choo cha mafuta kinachoelea na kugoma kwenda na maji, hayo yapelekee daktari wiki hiyo hiyo. Hilo la mwisho mara nyingine ni tatizo la kongosho.

Nunua daftari dogo uandike siku 14: saa uliyokula, ulichokula, vijiko vya mafuta, saa ya kwenda chooni, na choo kilikuwaje kwa kipimo cha Bristol, ambapo 4 ni laini chenye umbo na 7 ni maji matupu. Nipigie picha kurasa za asubuhi unitumie. Hizo ndizo ninazotaka kuona kwanza.

Wako,
Mama Baraka