Kabla ya kupaka seramiki, tazama mwezi

Mhariri,

Jumamosi iliyopita ukurasa wenu wa magari ulimjibu msomaji aliyeuliza apake nini kulinda rangi ya gari lake la spoti, gari analolitoa mwishoni mwa wiki tu. Jibu lilikuwa mistari minne: apige seramiki, ile dawa ya maji inayopakwa juu ya rangi ikaganda na kuwa tabaka gumu, asahau kwa miaka mitano. Nilisoma mara mbili, chai ikipoa mkononi, nikidhani nimeruka sehemu. Sikuruka kitu. Naomba nafasi nimjibu kijana huyo kwa namna nyingine, maana huko kusahau mimi kulinigharimu.

Mimi ni mstaafu. Nimepaka rangi boti na meli hapa Mwanza miaka 27, kwa brashi, rola na bunduki ya upepo. Nilipopata kiinua mgongo nilifanya jambo ambalo hadi leo kwenye vikao vya ukoo husemwa kwa sauti ya chini: niliagiza Mazda Roadster nyeusi ya 2007 kutoka Japani, milango miwili, viti viwili. Mama watoto alilizunguka mara moja tu akauliza, "Na wajukuu watakaa wapi?" Sikuwa na jibu, na sina mpaka leo. Watoto wa Pasiansi wanaliita Kandambili, kwa kuwa liko chini kama kandambili na linabeba wawili. Hutoka Jumapili baada ya misa ya kwanza. Huenda Magu na kurudi, au, tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, huvuka hadi Sengerema. Kabla ya hapo, kulipandisha kivukoni ilikuwa kazi ya kushikilia roho, bampa lisikwaruze bati la kupandia.

Sasa nirudi kwenye rangi. Sisi wa kazi hiyo tunahesabu mikroni, na milimita moja ina mikroni 1,000. Rangi ya gari la Japani iliyotoka nayo kiwandani, kuanzia bati hadi juu kabisa, mara nyingi ni mikroni 100 na ushei. Katika hizo klia, lile tabaka la juu linalong'aa, ni kama 40 au 50. Hiyo ndiyo akiba yako yote. Seramiki ikishakauka ni mikroni moja, ikizidi sana mbili. Filamu ya kulinda rangi, ile plastiki ya poliyurethani isiyo na rangi inayobandikwa, ni 150 na zaidi. Basi tipa la kokoto likikutangulia pale Kisesa na jiwe moja likadundia lami likuelekee bonetini, mwandishi wenu anataka lipokewe na mikroni moja?

Najua atasema seramiki ni ngumu. Hata mimi niliambiwa hivyo. Muuzaji alinionyesha kichupa kilichoandikwa 9H akanieleza, kwa uso wa mtu anayeamini, kwamba almasi ni kumi na hii ni tisa. Mzee mzima nikatikisa kichwa. Kumbe vipimo viwili vimechanganywa. Ile kumi ya almasi ni kipimo cha madini. 9H ni kipimo cha penseli: unakwaruza rangi kwa penseli za ugumu mbalimbali uone ipi itaacha alama. Penseli ya 9H ni ngumu kwa penseli. Vumbi la Mwanza linatokana na mawe haya haya tunayojengea juu yake, na ndani yake kuna kwatzi, ambayo kwenye kipimo cha madini ni saba. Haliogopi penseli.

Lakini sikukusudia kuandika barua kwa sababu ya penseli. Nimeandika kwa sababu ya wadudu.

Gereji niliyolipeleka Kandambili kupigwa seramiki siitaji jina. Ina uzio wa mabati, paa linaloishia nusu, na bango zuri kuliko jengo lenyewe. Kijana wa pale ni mpole na ana mkono mzuri. Siku ya kwanza aliosha gari, akalisugua kwa udongo wa kuokotea uchafu, akapiga polishi mpaka Kandambili likawa kama maji ya kisima usiku. Siku ya pili akaanza kupaka saa kumi jioni. Dawa ile hupakwa kipande kwa kipande: unasambaza matone machache, unangoja dakika kidogo ionyeshe rangi za upinde wa mvua, halafu unaifuta mpaka isionekane. Ukichelewa inaganda pale pale na kubaki doa. Kwa hiyo fundi anahitaji mwanga mkali. Alifika bonetini saa moja na nusu usiku, umeme wa mtaa ukiwa umekatika. Yeye ana jenereta. Akawasha taa kubwa, na nadhani upande wote ule wa ziwa hapakuwa na taa nyingine.

Aliye mgeni huenda hajui. Ziwa letu lina wadudu wadogo, wengine huwafananisha na mbu ingawa hawaumi, wanaopanda kutoka majini wengi kiasi kwamba ukiwa Capri Point utadhani kuna moto unafuka katikati ya ziwa. Hutoka kwa wingi zaidi karibu na siku za mwezi kuandama, na wakiona taa hawana habari nyingine.

Kwanza alitua mmoja, ukingoni, karibu na nembo. Kijana akampuliza. Wakaja kama kumi. Nilipoinuka kwenye stuli, soda mkononi, boneti ilikuwa inaota manyoya. Kijana akachanganyikiwa, na nani asingechanganyikiwa? Dawa ilikuwa imeshaanza kuonyesha upinde, muda unakimbia, akafuta. Akafuta dawa na wadudu pamoja. Kila mdudu aliyepita chini ya kile kitambaa aliacha mstari mfupi wa kijani hafifu, kama mkia wa herufi, na kila mstari ukagandia pale. Asubuhi jua lilipopiga nilihesabu hadi 60 nikaacha.

Kosa si lake peke yake. Mimi ndiye niliyepaka meli miaka 27. Kwenye cherezo, pale meli zinapopandishwa kutengenezwa, siku wadudu wanapotoka, tulikuwa tunafunika makopo tukaenda nyumbani. Hakuna msimamizi aliyetuuliza, maana rangi mbichi na taa karibu na ziwa hili kila mtu anajua mwisho wake. Jambo hilo nalijua kama ninavyojua jina langu, na bado nilikaa nikinywa soda, kwa kuwa kichwani nilikuwa nimeiweka seramiki upande wa dawa, si upande wa rangi. Ni rangi. Kila kitu kinachopakwa kikiwa maji na kusubiriwa kigande ni rangi, hata ukikiuza kwenye kichupa cha manukato.

Seramiki iliyokwisha kuganda haitoki kwa sabuni. Inatoka kwa kusagwa. Nilikwenda nikaazima kipimo cha unene kwa rafiki yangu anayenunua na kuuza magari. Kabla ya kazi boneti ilisoma 118. Baada ya msasa namba 3000 na polishi mbili, ilisoma 109. Mikroni tisa zimekwenda, karibu zote za klia, na hazirudi. Ukifanya hivyo mara nne tano unabaki na rangi tupu juani, kwenye jua la karibu na ikweta, kwenye mji ulio zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Umeshaona daladala nzee zenye paa lililogeuka kama ngozi ya mtu aliyeungua? Hiyo ni klia iliyokufa.

Basi nimefanya nini? Nilingoja miezi minne mpaka nikapata fundi anayebandika filamu ndani ya chumba kilichofungwa, sakafu imemwagiwa maji ili vumbi lilale. Gari zima alinitajia bei ambayo unanunua bodaboda na chenji inabaki, nikamwambia tusifike huko. Tumebandika boneti, vioo vya pembeni, na kipande kidogo kila upande nyuma ya matairi ya mbele, pale ambapo tairi lenyewe hurusha mawe. Filamu hizi, wanaozijua wanasema, zilianzia kwa Wamarekani, waliozibandika kwenye mapanga ya helikopta wakati wa vita vya Vietnam ili mchanga usiyale. Kwangu hiyo inatosha kuziamini dhidi ya tipa la Kisesa. Mkwaruzo mdogo juu ya filamu nzuri hujifunga wenyewe gari likipata joto, na joto hapa hatununui.

Bampa la mbele nimeliacha wazi kwa makusudi, na hapa ndipo wengi watanishangaa. Kipimo kile hakisomi juu ya plastiki, lakini nililikagua kwa jicho na kucha: ukingoni chini ya taa kuna mstari wa karatasi ya gundi ya kuzibia rangi, na rangi ina chembe. Limepakwa upya na mtu mwenye haraka, huko lilikotoka au njiani. Filamu ukiibandika juu ya rangi isiyoshika vizuri, siku ukiivua inaondoka na rangi yake. Heri bampa liendelee kuchapwa. Likichoka nitalipaka mwenyewe, mchana, mwezi ukiwa mpevu. Msomaji wenu aliyeuliza, kabla hajalipia filamu hata senti moja, azungushe kipimo gari zima. Magari yetu haya ni ya mitumba, yana historia. Mlango ukisoma 110 na wa pili ukasoma 350, huenda chini yake kuna puti, ile lipu ya kuzibia palipobonyea.

Sehemu iliyobaki napaka nta. Ndiyo, nta ya kizamani, ile ya karnauba, inayotoka kwenye majani ya mti fulani wa jamii ya minazi wa kaskazini mashariki mwa Brazili. Hailindi dhidi ya jiwe, wala haijidai. Hukaa wiki kadhaa, halafu narudia, Jumamosi jioni, redio ikiwa na mpira. Kwa gari linaloshinda bandani siku sita, linaloguswa na mikono miwili tu, inatosha. Sisemi seramiki ni utapeli. Jirani yangu anayeendesha gari lake kila siku kwenda Buhongwa amepiga, ndani ya chumba, kwa utaratibu, na kweli matope yanateleza na kuosha kumekuwa nusu ya kazi. Lakini swali lilikuwa la gari la mwishoni mwa wiki.

Na kuna adui ambaye hakuna kichupa kinachomzuia, naye ni yule mtu mwenye ndoo moja. Nilisimama siku moja sehemu ya kuosha magari nikamtazama kijana akidondosha kitambaa chini, kwenye changarawe, akakiokota, akakikamua, akaendelea na mlango. Ndoo moja kwa gari zima, na sabuni ya unga ya kufulia, ambayo inaondoa nta yote mliyoipaka jana. Ile mistari ya duara unayoiona juu ya gari jeusi jua likipiga, kama utando wa buibui, haitokani na barabara. Ni kitambaa. Mimi natumia ndoo mbili, ya sabuni na ya kusuuzia, nikianza kwa kumwagia maji mengi kabla sijagusa popote, na kamwe sifuti vumbi kavu. Turubai la kufunikia nalo niliacha. Upepo wa ziwa ukilitikisa juu ya vumbi, linakuwa msasa mpana kuliko msasa wenyewe.

Kuhusu ndege, kwa ufupi. Ukiegesha Kirumba karibu na mwaloni, kule kwenye soko la samaki, makorongo yatakukumbuka. Kinyesi kikikaukia kwenye klia yenye joto kinaizamia, na hata ukikiosha kesho alama inabaki. Naweka chupa ya maji na kitambaa laini nyuma ya kiti. Nalowesha, nalaza kitambaa juu, nahesabu dakika tano, ndipo nainua bila kusugua. Wadudu wa bampani ni vivyo hivyo. Mama watoto, ambaye bado hajalisamehe gari hili, juzi alinitangulia kufanya hivyo kwa kanga yake kuukuu huku akilalamika, na alifanya sawasawa kuliko gereji ile.

Kwa hiyo, Mhariri, naomba ukurasa wenu urekebishe mambo mawili: kwamba seramiki haizuii mawe, na kwamba ile "miaka mitano" ni ya gari lililopakwa ndani ya chumba safi na kuoshwa na mtu mwangalifu. Na kama kijana aliyeuliza yuko upande huu wa ziwa na ameshaamua kupiga seramiki, amuulize fundi kama ana mlango wa kufunga, kisha atazame mwezi. Ukiwa unakaribia kuandama, angoje. Asiende wiki hiyo.

Fundi Mstaafu wa Rangi za Boti,
Pasiansi, Mwanza