Kaka, roboti yako nishaiunda

Kaka vipi, mzima? Bi mkubwa mguu umepoa? Mpe shikamoo yangu usisahau.

Juzi simu ilikata ndo kwanza nataka kukuhadithia, bora niandike. Nimeokota gemu moja dukani kwa mitumba huku Columbus inaitwa Custom Robo, ya mashine ya Nintendo GameCube, ya mwaka 2004. Ilitoka Japani na huku Marekani tu, ndo maana pale kibandani hatukuwahi kuiona, sisi tulikuwa na PS2 na Winning Eleven ya mpira basi, mia mia mfukoni na aliyefungwa anapisha.

Iko hivi. Roboti yako inaanza ikiwa dadu, unaielekeza na mzinga unairusha uwanjani, inabiringika weee, namba itakayotokea juu ndo inaamua unaamka chap au unabaki chini unabonyeza bonyeza mabatani huku mwenzio ashasimama anakuja. Yani pambano halijaanza hata na mikono ishalowa jasho. Kila mmoja ana uhai 1000 na ukizubaa kidogo tu umeisha, hakuna kupumua kama kwenye mpira refa akipuliza faulo.

Alafu roboti unaiunda mwenyewe, mwili, bunduki, bomu, miguu na podi, podi ni vidude vidogo unaviachia vikamsumbue adui wakati we unafanya mambo mengine. Mwanzo nilikuwa nabeba tu kila kilicho na nguvu kubwa. Sasa kuna dogo mmoja Mkongo, kwao Bukavu, wanakaa ghorofa ya chini, anaongea Kiswahili chao kile kitamu, huwa anapanda jioni tunacheza. Dogo kanipiga wiki nzima kaka. Anajificha nyuma ya ukuta anaachia ile bunduki ya joka, joka la moto linakuja taratibu, ukikata kona nalo linakata, unalikimbia lenyewe unakutana na podi yake. Nikamuuliza unafanyaje, akaniambia "yaya, bunduki yako na bomu yako haviongee", yaya kwao ni mkubwa wako. Nikakaa na hilo neno mpaka usiku.

Na kweli. Bomu unashika batani, unasogeza alama mpaka pale unapotaka lidondoke, unaachia, linapita juu ya ukuta. Na mabomu hayafanani, kuna linalomsukuma mtu pembeni na kuna linalomrusha juu. Nikachukua la kurusha juu nikaweka na Gatling, ile inayomimina risasi ndogo ndogo mfululizo. Jioni yake dogo kajificha ukutani kama kawaida, nikadondosha bomu nyuma ya ukuta, roboti ikapaa ikatokeza juu pale, hewani haina pa kukwepea, nikaimiminia. Aliamka pale, maana ukiangushwa unapewa muda mfupi wa kutodhurika, nikasubiri uishe nikarudia vilevile. Dogo alisimama akanipa mkono!

Nikakukumbuka we hapo hapo. Wewe kwenye mpira ulikuwa hupigi kwa nguvu, unamvuta beki kwanza atoke ndo unapitisha pasi, na hii gemu inataka mtu wa akili hiyo. Kwa hiyo nimekuundia yako nimeisevu, mwili mwepesi, miguu ya kuruka juu, podi ya kumfukuza mtu kwenye kona, bunduki nimeacha nafasi uchague mwenyewe maana najua utabishana.

Desemba nakuja nayo. Inachezwa mpaka watu wanne kwa mara moja, kwa hiyo waambie na wale wana wa kibandani. Pedi ya pili nimeshanunua. Ila naomba uniangalizie kwa fundi transfoma ya kushusha umeme, adapta ya mashine ni ya volti 120 ya huku na ukutani kwenu ni 230, tukichomeka hivi hivi inaungua siku ya kwanza. Na muulize kama ile tivii ya kichogo ya mzee bado inawaka.